Uyoga wa Arobaini

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, alirudi nyumbani Bunju na sufuria mpya, kipande cha kitenge chenye kasoro, na maneno mengi kuhusu ubinafsishaji. Sufuria tuliitumia. Kitenge nilikishona shimizi. Maneno aliyapeleka kijiweni, na huko alikaa nayo karibu mwaka mzima akicheza drafti na wenzake waliopunguzwa kama yeye, kila mmoja bado amevaa shati la kazini kana kwamba king'ora kitalia muda wowote.

Ilikuwa miaka ya tisini, maduka yameanza kujaa. Sie tuliokulia kwenye foleni za sukari tulikuwa tunasimama mbele ya rafu za sabuni na kunusa tu. Zamani hela ilikuwepo, vitu hakuna. Sasa vitu vimekuja, hela imeondoka kwenda kuvipokea na haijarudi.

Mie ni mtu wa Kusini, wa Masasi, niliyeolewa Uzaramoni. Kwetu uyoga ni mboga ya heshima. Mvua zikianza, wanawake wanaamka na vikapu kwenda porini, na mama asiyerudi na uyoga siku hiyo anaonewa huruma. Nilipomsimulia mama mkwe wangu habari hizo, aliniangalia kama niliyemwambia kwetu tunakula mijusi.

"Kile kinachoota kwenye kinyesi cha ng'ombe?"

"Siyo hicho, mama. Kuna aina."

"Kinyesi nacho kina aina," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mtafuna tambuu. Nyumba ilikuwa yake, minazi yake, kisima chake. Alikuwa na uwezo wa kutema mate mekundu kutoka kwenye mkeka wake hadi nje ya kizingiti bila kugusa mlango, na alipenda watu wamwone akifanya hivyo. Alinipenda kwa namna yake, maana yake alinigombeza kila siku. Asiyempenda hakumsemesha kabisa.

Uyoga uliletwa kwetu na bibi shamba mmoja aliyekuwa anaendesha pikipiki kavaa suruali. Kwa Bunju ya wakati ule, suruali ile peke yake ilitosha kuzungumzwa hadi Ramadhani. Alitukuta kliniki, siku ya kupima watoto uzito, akasimama mbele yetu na chupa yenye punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe.

"Hizi ni mbegu za uyoga," akasema. "Huu haulimwi shambani. Unalimwa ndani ya nyumba, kwenye mifuko ya nailoni, juu ya majani makavu ya mpunga. Hauhitaji ekari, hauhitaji jembe, na hauhitaji mwanamume."

Hilo la mwisho lilituvutia zaidi.

Tulijiunga wanawake wachache. Wengi walikuwa wake za wacheza drafti. Kati yao alikuwemo rafiki yangu muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye kicheko ambacho ukikisikia unajua vitumbua vimeiva. Kibanda tulikijenga nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kwa sababu pale palikuwa na kisima. Ruhusa aliitoa kwa sharti: nisije nikamlisha uchafu ule hata kwa kumroga. Mume wangu tulimtoa kijiweni akakandike udongo. Alikandika siku nzima akilalamika kwamba yeye ni fundi mitambo. Kibanda kilipokauka, upande wake ulipinda kama mtu mwenye kibiongo, na hadi leo sijaelewa mitambo ya kiwandani ilikuwa inasimamaje.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulileta majani ya mpunga kutoka bonde la Mpiji, tukayakatakata, tukayachemsha kwenye pipa hadi yalainike na wadudu wafe. Yakipoa tunayakamua, tunayashindilia kwenye mifuko, tabaka la majani, tabaka la mbegu, halafu tunaifunga na kuiweka kwenye kibanda chenye giza. Bibi shamba alitufundisha usafi kama anafundisha wakunga. Unanawa kwa sabuni. Unajipaka spiriti mikononi. Unafunga khanga mdomoni. Viatu unaacha mlangoni, na ndani ya kibanda hakuna kuongea ovyo, kukohoa wala kutema mate.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya jirani. Unaona wanawake wamejifunga midomo, wanaingia kwenye kibanda kisicho na dirisha. Nje kuna pipa linachemka na kutoa moshi mchana kutwa. Unasikia harufu ya spiriti. Wewe ungesemaje? Walisema ni gongo. Wengine, wenye akili nyingi zaidi, walisema tumeficha maiti.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kukagua. Vyama vingi vilikuwa vimeshaanza na ubalozi wake hakuna aliyejua tena una nguvu gani, hivyo aliutumia wote kabla haujaisha. Alikuja na mgambo mmoja na rungu. Akalizunguka pipa, akainama, akanusa.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Mnapika nini humu?"

"Majani ya mpunga."

"Majani. Mna ng'ombe?"

"Hatuna."

"Mbuzi?"

"Hatuna, baba."

"Kwa hiyo mnampikia nani majani?"

Muuza vitumbua akaangua kicheko chake, na hicho ndicho kilichotuharibia, maana balozi alidhani tunamcheka yeye. Akaamuru mlango ufunguliwe. Tulimwomba avue viatu, akakataa. Serikali haivui viatu. Akachungulia gizani na tochi, akaona mifuko imepangwa kwenye vichanja, imeanza kuwa myeupe kwa utando, imevimba na kunyamaza kama watoto waliolala. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Pale pale uani, mbele ya majirani waliokuja kushuhudia maiti, akatangaza kwamba serikali haijakataza ujinga, lakini yeye anawaonya wananchi: atakayekula kitu kilichoota gizani atavimba tumbo, atakufa, na asije kwake kudai barua ya mazishi.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake. Akatema mate nje ya kizingiti. "Kwa mara ya kwanza," akasema, "balozi kaongea neno la maana."

Wiki chache baadaye tuliitoboa mifuko matundu, tukaruhusu hewa na mwanga kidogo, tukawa tunanyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku moja niliingia nikakuta vijinundu vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Siku ya pili vilikuwa masikio. Baada ya hapo ulilipuka uyoga jamani, mashada kwa mashada, rangi ya majivu na maziwa, unaning'inia kila upande kana kwamba kibanda chenyewe kimeota. Nilikaa chini nikalia. Muuza vitumbua naye akalia, khanga ikiwa mdomoni, ikabidi tutoke nje kwa sababu ya masharti ya usafi.

Bibi shamba alikuwa ametutafutia mnunuzi, hoteli moja ya ufukweni ambako Wazungu walikuwa wanalipa kula vitu ambavyo Bunju ilivikimbia bure. Wangetuma gari Jumapili asubuhi. Tukapanga kuvuna alfajiri hiyo hiyo, kwani uyoga ukichumwa hauvumilii.

Lakini Jumamosi ilikuwa arobaini ya mjomba.

Mjomba, kaka yake mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa bahili kiasi kwamba ukimpa shikamoo, marahaba yake ilitoka nusu. Akiwa hai hakuna aliyewahi kunywa hata chai kwake. Kwa hiyo siku ya hitima watu walikuja kutoka Madale, kutoka Tegeta, hadi kutoka mjini, kila mmoja kaja kuchukua chake cha miaka yote. Mikeka ikajaa uani, ikajaa hadi njiani. Balozi alikuwepo, mstari wa mbele, amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

Nyama alikuwa ametumwa mume wangu. Mama mkwe alikuwa na bucha wake wa siku nyingi Buguruni, na hakuamini nyama ya mahali pengine popote. Mume wangu aliondoka Ijumaa asubuhi, arudi jioni. Jioni hakurudi. Alirudi Jumamosi mchana, hitima imeshaanza, kikapu kichwani na nzi nyuma yake kama msafara wa harusi.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Gari zilikuwa za shida."

Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba alipitia kwenye kibanda cha video, akaangalia filamu ya karate, halafu ya pili yake, maana ya kwanza adui hakuuawa. Akalala kwa rafiki yake hapo hapo Buguruni. Nyama muda wote ilikuwa kwenye nailoni, chini ya benchi, chini ya bati.

Mama mkwe aliifungua jikoni. Harufu ikajaa jiko zima. Aliifunga tena, akamkabidhi mwanawe pamoja na jembe, akamwonyesha kwa kidole upande wa migombani. Sie tulikuwa tunamenya vitunguu vya kachumbari. Masufuria ya pilau yalikuwa motoni, viungo vimeshakaangwa, mchele umeoshwa, na nje sauti za wasomaji zinapanda na kushuka. Kumpikia mtu arobaini wali mtupu, tena mtu aliyekuwa bahili! Wangesema ukoo mzima ndio ulivyo.

Nilimwona anasimama, anachukua ungo na kisu, anatoka. Nilidhani anakwenda kuchuma mchicha. Alipokata kona kuelekea kibandani nilitupa kitunguu nikamkimbilia.

Nilichelewa. Alikuwa ameshaingia. Na viatu. Na tambuu mdomoni. Anakata mashada makubwa makubwa, anayatupa kwenye ungo kama anayevuna kwake.

"Mama! Hayo ni ya hoteli!"

"Hotelini kuna msiba?"

"Mama, ni ya kikundi. Si yangu peke yangu. Kesho asubuhi gari inakuja!"

"Na mie wageni wangu wamekuja leo." Akageuka, na katika mwanga wa mlangoni nikaona machozi yamemjaa, mama ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika mjomba mwenyewe. "Kaka yangu alinitia aibu maisha yake yote," akasema. "Sitamwacha anitie na akiwa kaburini. Shika ungo."

Halafu akatema mate, palepale, katikati ya mifuko.

Niliushika ungo. Ungefanyaje? Nyumba yake, kisima chake, na ana kisu.

Jikoni alinigeukia. "Kwenu mnaupikaje?" Hilo swali nilikuwa nimelisubiri tangu niolewe, na likaja siku ambayo sikutaka kulijibu. Nikamwonyesha. Tuliuchambua kwa mikono kufuata nyuzi zake, tukaukaanga kwa mafuta mengi na kitunguu saumu, tangawizi na bizari hadi ukakauka na kushika rangi ya nyama, ndipo tukauchanganya na pilau. Muuza vitumbua alikoroga huku akinung'unika kwamba anapika jasho lake mwenyewe. Lakini alionja. Akaonja tena. Mama mkwe akampokonya mwiko.

Masinia yakatoka. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango. Kwa muda ilisikika sauti ya watu wanaotafuna tu, sauti nzuri kuliko zote kwa mpishi. Balozi alikuwa anawinda vipande kwenye sinia kwa vidole vitatu, anavisogeza upande wake kwa hila.

"Bi mkubwa," akamwita mama mkwe, "nyama gani hii laini hivi?"

Mama mkwe hakutaka kusema uongo, Kurani ilikuwa imetoka kusomwa muda si mrefu. "Kula, baba," akamjibu. "Riziki haiulizwi ukoo."

Balozi akala. Akaongezewa, akala tena. Na mambo yangeishia hapo kwa amani kama mume wangu hangekuwa mume wangu. Alitoka migombani na jembe lake, akakuta ndugu mmoja anamtania kwamba eti kachelewesha nyama ya watu kwa sababu ya sinema. Akachukia. Akataka kujitetea.

"Nyama ipi niliyoichelewesha?" akapaza sauti. "Nyama nimetoka kuifukia sasa hivi!"

Vidole vikasimama hewani, mkeka kwa mkeka, hadi njiani.

"Kwa hiyo," balozi akasema taratibu, "sie tumekula nini?"

Muuza vitumbua, huko jikoni, akashindwa kujizuia. Kicheko kikatoka. Balozi alikisikia, akageuka, akakitazama kibanda chetu chenye kibiongo, mlango wake uko wazi. Uso ukampauka. Akashika tumbo kwa mikono miwili, akalibonyeza upande huu na upande huu kama mtu anayechagua papai.

Ikawa vurugu. Mmoja anadai dafu, mmoja anadai maziwa, mzee mmoja anatapika kwa bidii ingawa hakuna kinachotoka. Mwanamke wa Tegeta alianza kuaga watoto wake ambao hawakuwepo. Mwalimu wa madrasa peke yake ndiye aliyeendelea kula. Alisema uyoga umesemwa vizuri kwenye vitabu vya dini, na kama wengine wameshiba basi wamsogezee sinia.

Mama mkwe akatoka na mwiko. Akasimama katikati ya mikeka, mfupi vile alivyo, akangoja wanyamaze.

"Kaka yangu tumeshamzika," akasema. "Kama kuna wengine mnataka kufa, mfe kwa zamu, maana sina hela ya hitima nyingine."

Halafu akavuta sinia la balozi, akaketi, akachota tonge. Nilijua jinsi alivyouchukia uyoga. Nilimwona anafumba macho. Akatia mdomoni, akatafuna, akameza, akachota tena. Mara ya tatu hakufumba macho. Alikula hadi sinia likang'aa, na watu walikaa wakimtazama, wanangoja avimbe. Alipomaliza alijifuta mdomo akasema chumvi ilipungua kidogo, kwamba ndiyo shida ya kupika na watu wa Kusini.

Hakufa mtu. Balozi alikaa mkekani hadi alasiri akijipapasa, ndipo akaondoka bila kuaga.

Watu wakinisikiliza hapa wanacheka, na mie nacheka. Siku zile sikucheka. Jumapili gari ya hoteli ilikuja, ikakuta mifuko mitupu, hitima imeumaliza uyoga wote, dereva akaandika kitu kwenye kiganja chake, akaondoka na hawakurudi tena. Wenzangu walinijia juu, na walikuwa na haki. Mbaya zaidi, wiki iliyofuata mifuko ilianza kuota ukungu wa kijani, hasa upande ule aliotema mate mama mkwe. Bibi shamba aliikagua akatikisa kichwa. Mingi tuliitoa tukaichoma. Nilisimama kwenye moshi ule nikiwaza majani niliyoyabeba kichwani kutoka Mpiji, na nikamchukia mama mkwe wangu kwa moyo wote, chuki safi isiyo na takataka.

Tuliacha kusemeshana. Nilimpa shikamoo ya asubuhi, kwani hiyo ni ya Mungu, na yeye aliniitikia. Mengine tuliyapitishia kwa kuku. "We kuku," alikuwa anasema, "mwambie huyo mwanamke ukili wangu wa kushonea mkeka uko wapi." Kuku hawakuwahi kunifikishia.

Aliyeanza kuja ni mke wa balozi. Alikuja na bakuli chini ya khanga, akaniita pembeni. Mumewe alikuwa anataka tena ile nyama isiyo na mfupa, ila nisimwambie mtu. Kesho yake akaja mwingine, naye hakutaka nimwambie mtu. Kufikia mwisho wa mwezi nadhani nusu ya Bunju ilikuwa inakula uyoga kwa siri, kila nyumba ikijificha kwa jirani anayejificha pia. Mifuko michache iliyopona haikutosha. Wenzangu wakaacha kuninunia, wakarudi na majani mapya. Uyoga ulipotoka mwingi, uliobaki tuliuanika juani ukakauka, muuza vitumbua akawa anauuza kando ya vitumbua vyake.

Kisha nikashikwa na malaria. Nililala ndani siku kadhaa, homa inanipandisha na kunishusha, akili yangu yote iko kwenye mifuko inayokauka bila maji. Mume wangu nilimwomba akanyunyizie, akasema kibanda kile kinamletea kizunguzungu. Asubuhi moja nilijikokota mwenyewe, nimeshika ukuta. Mlangoni nikakuta viatu. Vidogo, vya plastiki, vimepangwa vizuri, visigino vimeangalia nje.

Mama mkwe alikuwa ndani, amefunga khanga mdomoni, ananyunyizia mfuko kwa mfuko kwa kopo tulilolitoboa matundu. Mikono ilinuka spiriti. Na shavu lake, lile ambalo siku zote lilivimba kwa tambuu, lilikuwa bapa. Sikuwahi kuliona bapa. Alikuwa anaonekana kama mtu mwingine, mzee zaidi.

"Rudi kalale," akaniambia kupitia khanga. Hakumtuma kuku. "Na usiongee humu ndani. Utaniharibia uyoga."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Hakuniomba radhi, wala sikumdai. Alichofanya ni kutuachia chumba chake cha uani, kile chenye sakafu ya saruji, tukahamisha mifuko kutoka kwenye kile kibiongo cha mume wangu. Akajipa na cheo: mkaguzi wa mikono. Hakuna aliyepita mlango ule bila kunyoosha vidole mbele yake. Balozi aliwahi kuja kutazama, akavua viatu bila kuambiwa.

Wateja wa Tegeta walipoongezeka, nilinunua baiskeli. Mtumba, nyekundu, kiti chake kimefungwa mpira. Bunju hawakuwa wamezoea mwanamke juu ya baiskeli, na kijiwe chote cha drafti kilisimama kuja kutoa ushauri. Mume wangu aliamua kunifundisha mwenyewe. Alishika kiti nyuma, akakimbia, anahema, anapiga kelele nikaze goti, nitazame mbele, na watu wanashangilia pande zote mbili za njia. Mama mkwe alisimama kizingitini. Mmoja akamuuliza haoni aibu, mkwe wake anatanua miguu hadharani.

"Aibu ya nini?" akasema. "Miguu yenyewe mlidhani imegundishwa?"

Nilipofika kwenye mteremko nilihisi baiskeli imekuwa nyepesi ghafla. Nikageuka kidogo. Mume wangu alikuwa ameachia, amesimama mbali katikati ya njia, ameinua mikono juu kwa furaha, halafu nikaona furaha inamwondoka na anaanza kukimbia tena. Alikuwa amekumbuka kwamba hajanionyesha breki.